Seti ya Visu vya Rangi, Nyanya Iliyopondeka na Dada wa Kazi Anayebeba Lawama

Wiki nzima hii kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama ubuyu wa bure. Staa mmoja wa filamu, jina kapuni, yuko jikoni kwake, kucha ndefu, taa ya duara inawaka, anakata nyanya. Kisu kinateleza juu ya ganda. Anakandamiza. Nyanya inapasuka, mbegu zinarukia gauni, na yeye anacheka kile kicheko cha mtu anayetamani mwenye kamera azime.

Basi, watu wakapata kazi ya kufanya. "Huyu ndio mke wa mtu?" "Mama yake alimfundisha nini?" "Hajui hata kachumbari, anajua kuvaa wigi tu." Wengine walioandika hayo ni vijana ambao hata yai la kuchemsha huwa wanampigia simu dada yao kuuliza linakaa dakika ngapi.

Wote walimtazama yeye. Kisu hakuna aliyekitazama.

Na kisu ndicho kilichokuwa habari. Kilikuwa cha pinki. Ni kimojawapo cha ile seti anayoitangaza mwenyewe: visu sita vya rangi sita, mkasi, kidude cha kumenyea viazi na stendi ya plastiki, laki moja na ushee, delivari bure ndani ya Dar. Halafu chini ya nyanya kulikuwa na ubao wa kukatia wa kioo wenye picha ya malimau. Yaani dada wa watu katukanwa hajui kupika, wakati kilichoshindwa pale ni bidhaa anayowauzia hao hao waliomtukana. Na kesho yake akaposti tena: ofa inaisha Jumapili.

Kuna mastaa wengi sasa hivi kwenye biashara hii ya "vyombo vya kisasa". Mwingine, mtangazaji mwenye sauti tamu, anasema seti yake "haihitaji kunolewa maisha yako yote". Huo ni uongo, na hauna jina lingine. Hakuna kisu duniani kisichoisha makali. Chuma kinakutana na ubao, mfupa, mchanga uliobaki kwenye mchicha, na ukingo wake unapinda au unalika. Kisu cha laki kitaisha makali, cha elfu tatu kitaisha makali, cha mpishi wa hoteli ya nyota tano kitaisha makali. Tofauti ni kwamba yule mpishi anakinoa kabla hajaanza kazi, na mteja wa mtangazaji anaambiwa akitupe anunue seti mpya.

Ile rangi ya pinki na ya kijani haina kazi yoyote kwenye kukata. Ni mipako tu juu ya chuma, na kwenye seti nyingi za namna hii chuma chenyewe ni chembamba kiasi kwamba ukikikunja kidogo kinacheza kama rula ya shule. Siku mtu akijaribu kukinoa, rangi inachubuka pembeni ya ukingo, na vipande vyake safari yake ni moja: kwenye mboga.

Halafu kuna lile neno wanalolipenda, "steinlesi", linatamkwa kama vile ni cheti. Steinlesi maana yake ni chuma kisichoshika kutu kirahisi, basi. Makali ni kitu kingine. Mwaka 1913 Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipotoa chuma chake kisichoshika kutu, mafundi visu wa mji ule ule walimtania kwamba amevumbua visu visivyokata. Ilibidi wajifunze kwanza kukichoma na kukipoza inavyotakiwa ndipo kikashika makali. Zaidi ya miaka mia imepita na bado kuna steinlesi ya kutengenezea vijiko na kuna steinlesi ya kutengenezea visu. Kwenye picha ya Insta zote zinang'aa sawasawa.

Sasa watu wanauliza, kwani shida iko wapi, si pesa zao? Shida ni kwamba wengi wanaonunua hizi seti sio wanaozitumia. Huu ndio ubuyu ambao hakuna anayetaka kuula. Yule anayeposti jiko siye anayekata vitunguu vya Jumatatu. Anayekata ni dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa ishirini, saa kumi na mbili jioni, bosi wake ana wageni, kisu cha bluu kimeshakuwa butu tangu wiki ya pili. Na hakatii kwenye ubao. Anakatia mkononi kama alivyofundishwa kwao, kitunguu kwenye kiganja, kisu kikija kuelekea dole gumba. Kisu kikiwa kikali, kinapita taratibu na kusimama pale anapotaka. Kikiwa butu inabidi akisukume kwa nguvu, na ile nguvu kitunguu kikiteleza haina pa kwenda isipokuwa kwenye kidole. Watu wanaogopa kisu kikali, lakini kisu butu ndicho kinachokuja bila kuaga.

Akishajikata anaambiwa mzembe. "Umekaa na simu tu." Anafungwa kitambaa, anaendelea kuosha vyombo na sabuni inaingia kwenye kidonda. Bosi huyo huyo ana stendi ya visu sita mezani, na hajawahi kununua jiwe la kunolea hata siku moja.

Na machozi je? Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walirekodi vitunguu vikikatwa kwa kamera za kasi kubwa. Wakaona kisu butu kinakandamiza ganda la kitunguu kwanza, kinabana maji yaliyomo ndani, halafu ganda likipasuka matone yanaruka kwa kasi na kwa wingi. Kisu kikali kinachokata taratibu kinarusha matone machache zaidi. Kwa hiyo dada anayelia juu ya kitunguu cha Mang'ola kila jioni, sehemu ya kilio chake imetoka kwenye tangazo la mtu.

Kamati za kitchen party nazo zina kesi ya kujibu. Bibi harusi anapewa seti tatu za visu na watu watatu tofauti, zote zimefungwa riboni, zote zimeonekana kwa staa yule yule. Somo anakaa naye saa mbili anamfundisha mpaka namna ya kukunja shuka, ila hakuna anayemwonyesha namna ya kunoa kisu. Ukiuliza unaambiwa hiyo kazi ya mwanaume. Haya, mwanaume naye muulize. Atasema kuna mtu anapita na baiskeli.

Huyo wa baiskeli aheshimiwe. Anapita mitaani na gurudumu lake la kusagia, anapiga kelele "noa visu, noa mikasi", na bei yake kwa kisu kimoja haifiki sahani ya chipsi yai. Fundi mzuri wa hawa ana thamani kuliko mastaa wote wa seti ukiwajumlisha. Cha kuangalia ni kimoja tu: gurudumu likizunguka kwa kasi na cheche zikawa nyingi, chuma kinapata moto. Ukingo ukigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekufa pale, hata kinolewe vipi hakitakaa na makali. Fundi anayejua anagusisha kisu kidogo kidogo na anakichovya kwenye maji kila mara. Ambaye hachovyi, asipewe.

Lakini hata bila fundi, hii si kazi ya ajabu. Mtu anahitaji jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza zaidi na mwingine laini. Mawe haya yana namba: 400 ni la kurudisha kisu kilichokufa kabisa, 1000 ni la kazi ya kawaida ya nyumbani, kuanzia 3000 kwenda juu ni la kung'arisha makali. Kwa jiko la kawaida 400 na 1000 kwenye jiwe moja inatosha sana. Kama ni jiwe la maji, linalowekwa kwenye maji dakika kama kumi mpaka viputo viishe. Linawekwa juu ya kitambaa kilicholowa ili lisitembee.

Watu wanachoshindwa ni mlalo wa kisu. Ujanja wake ni huu: kisu kinasimamishwa wima juu ya jiwe, kinalazwa nusu ya njia, halafu nusu tena ya iliyobaki. Hapo ni kama nyuzi 22, na visu vingi vya kawaida vinataka karibu na 20. Kinaburuzwa kutoka shina la kisu mpaka ncha, mlalo usibadilike, mpaka upande wa pili wa ukingo utoke kijiukucha chembamba cha chuma. Kinasikika kwa kupitisha kidole kwa upole kutoka mgongoni kwenda nje ya ukingo, kamwe sio kwa kufuata urefu wa makali. Hicho kijiukucha ndicho watu wengi hawakisubiri. Wananoa mara kumi, wanachoka, wanasema jiwe ni feki. Kisipotoka, kazi bado. Kikitoka kisu kinageuzwa, upande wa pili unafanyiwa hivyo hivyo, halafu upande laini wa jiwe unamalizia kwa mkono mwepesi, upande huu na ule, mpaka kijiukucha kiondoke. Kipimo chake ni nyanya ile ile ya video. Kisu kikali kinaingia kwenye ganda kwa uzito wake na kuvutwa kidogo tu.

Asiye na jiwe ageuze kikombe cha udongo cha chai juu chini. Ule mduara usio na rangi ya kung'aa chini ya kikombe unakwaruza, na unanoa kisu vizuri tu kwa dharura. Haugharimu hata bando la siku.

Kile chuma kirefu cha mviringo ambacho watu wa bucha wanakichezea kwa mbwembwe, wengi wanadhani ndicho kinachonoa. Kazi yake kubwa ni kunyoosha makali yaliyopinda. Kisu kikiwa kimekufa, wanaweza kukipiga pale mpaka asubuhi. Na vile vidude vidogo vyenye mfereji wa kuvuta kisu, navyo siku hizi vinatangazwa na mchekeshaji mmoja kwa kelele nyingi, vinatoa makali ya haraka ila vinakula chuma na kuacha ukingo wenye mikwaruzo. Kwa kisu cha elfu tatu, sawa. Kwa kisu cha maana, hapana.

Kununua nako si siri. Jiko la familia linataka visu vitatu: kikubwa chenye chuma cha kama sentimita 20, kidogo cha kumenyea cha sentimita 8 mpaka 10, na cha msumeno cha mkate. Kwisha. Hela ya seti ya rangi sita iende kwenye kile kikubwa. Kishikwe mkononi kwanza, sio kuonwa kwenye simu. Chuma kiingie ndani ya mpini sawasawa, kisicheze. Mpini wa kawaida wa plastiki sio aibu: Victorinox wa Uswisi, wapo tangu 1884, wanatengeneza visu vya mpini wa plastiki nyeusi ambavyo wachinjaji na wapishi wanashinda navyo kazini kutwa nzima. Havina pinki.

Ubao uwe wa mbao au plastiki. Kioo, marumaru, sinia na sahani ni makaburi ya makali. Kisu kioshwe kwa mkono, kikaushwe, hasa kikishakata ndimu, na kisitupwe kwenye droo kigongane na vijiko. Na jambo ambalo halina gharama kabisa: anayepika muda mwingi ndiye aulizwe ni kisu gani kinunuliwe. Kama ni dada wa kazi, aulizwe yeye, na jiwe apewe yeye na aonyeshwe.

Wale wa "mimi nina hela, naagiza kisu cha Kijapani" nao waagize tu. Seki na Sakai huko Japani wanatengeneza visu vya maana kweli, na vingi ni vigumu kuliko vya Wajerumani: kwenye kipimo cha Rockwell vya Kijerumani vinacheza kwenye 56 mpaka 58, hivyo vya Kijapani vinavuka 60. Vinakaa na makali muda mrefu. Ila chuma kigumu namna hiyo hakipindi, kinamegeka. Siku mjomba akija kutoka kijijini na kuku wa kienyeji, mtu akachukua kile kisu cha laki tano kupasulia mfupa wa paja, kitatoka na pengo, na lile pengo hata fundi wa baiskeli ataliangalia, ataliangalia tena, halafu atauliza kama nyumbani hakuna panga.