Majeruhi Hawezi Kumsubiri Mchungaji

Katika makanisa mengi ya Ukambani kuna imani iliyozoeleka hadi haiulizwi tena: kwamba huduma ni kazi ya aliyepakwa mafuta. Muumini wa kawaida huimba, hutoa sadaka, kisha wenye majonzi humwachia mchungaji. Akimkuta mgeni analia stejini, humwombea kimoyomoyo na kupanda matatu yake. Imani hiyo ni potofu, na Makindu inaiumbua mchana kweupe.

Mji huu wa kaunti ya Makueni umekaa kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Malori yanayotoka bandarini hupita usiku na mchana yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo. Katika miaka ya karibuni, ajali za barabarani zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 nchini Kenya kila mwaka, na hospitali ya Makindu hupokea majeruhi wa barabara hii. Mtu na amfikirie utingo aliyevunjika paja. Simu imepotelea ajalini, ndugu zake wako Busia, na Ukambani hamjui mtu hata mmoja. Daktari atamfunga plasta. Nani atampigia mama yake? Nani atamletea sabuni, uji na shati safi? Kazi hiyo haidai cheti cha chuo cha theolojia. Inamtaka jirani wa hospitali mwenye salio kwenye simu na saa moja ya kukaa naye.

Kila Mkristo anamjua Msamaria mwema, lakini wachache hukumbuka kwamba Yesu aliwataja waliopita kando kwa vyeo vyao: kuhani na Mlawi. Aliyesimama hakuwa na cheo hekaluni. Alikuwa na mafuta, divai, mnyama wa kupanda na dinari mbili za kumwachia mwenye nyumba ya wageni.

Makindu ina mfano wa karibu zaidi, na unapaswa kuwauma Wakristo. Hekalu la Wasikh lilijengwa hapo mwaka 1926, katika mji uliokuzwa na reli. Hadi leo msafiri wa dini yoyote huvua viatu, hufunika kichwa, akaketi na kula chapati na dengu bila kulipa; hata malazi hupata. Wapo wanaojitetea kwamba Wasikh wana pesa. Utetezi huo ni dhaifu. Katika desturi yao, kumenya vitunguu na kuosha sahani za wageni ni ibada ya kila muumini, na hakuna anayengoja kuwekewa mikono ndipo ashike mwiko.

Isitoshe, Injili yenyewe iliingia Makueni kwa mikono ya wageni waliougua. Wamisheni wa Kiskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891 waliandamwa na malaria, na mwaka 1898 misheni ilihamia Thogoto. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianzisha kituo Nzaui mwishoni mwa 1895. Homa ikamuua Desemba 1896, hajatimiza miaka 30. Kanisa lenye chimbuko hilo lingepaswa kumtambua mgeni mgonjwa haraka kuliko yeyote.

Hofu ya matapeli ipo, na ina sababu. Lakini aliyetiliwa “mchele”, yaani dawa ya kumpumbaza, ndani ya basi, akaibiwa na kushushwa hajijui, ndiye hasa mgeni anayezungumziwa hapa. Kuhusu gharama, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Anayemfikisha majeruhi hospitalini hajajifunga kumlipia.

Lawama nyingine ni ya wachungaji wanaofurahia kuwa mlango pekee wa huduma. Wauachie. Makanisa ya Makindu yanaweza kukubaliana na usimamizi wa hospitali, kila ushirika ukapewa siku yake, na waumini wawili wawili wakapita wodini saa za kuwaona wagonjwa wakiuliza ni nani hajatembelewa. Zamu hizo zitangazwe Jumapili pamoja na zamu za kufagia kanisa, na jina la mchungaji liwemo, mstari mmoja na la muuza maembe wa stejini.