Neno la Mhariri: Mtumishi na Siri Yake

Toleo hili limeazimia kunena jahara juu ya jambo ambalo maofisini, viwandani na mashuleni aghalabu hunong'onwa tu: hali ya mfanyakazi ambaye mapenzi yake huelekea kwa watu wa jinsia yake, na haki yake ya kulisema hilo mbele ya wenzake, au ya kulinyamazia, bila ya kupoteza riziki. Waandishi wetu hawakuafikiana katika kila jambo, wala hatukuwataka waafikiane. Rai ya mhariri ni hii, kwamba mwajiri amwadhibuye mtumishi kwa kusema kweli hana uso wa kumlaumu kwa kuificha, na kwamba hatari isemwayo kuwamo katika siri hiyo aghalabu ni mwajiri mwenyewe aliyeitia humo.

Kisa kinachodhihirisha neno hili ni cha Frank Kameny, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925, akapigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, kisha akasoma elimu ya falaki hata akatunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1956. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya ramani ya jeshi la nchi yake, na kabla ya miezi mingi kupita wapelelezi wakamwita, wakamwambia kuwa wamepata habari kwamba yeye ni mpenzi wa wanaume, je, ana la kusema? Kameny akauliza habari hizo ni zipi, wakakataa kumwambia. Akajibu kuwa faragha yake haiihusu serikali. Mwisho wa mwaka 1957 alikuwa amekwisha kufukuzwa, na mapema mwaka 1958 akapigwa marufuku asishike kazi yoyote ya serikali kuu. Ikumbukwe kwamba Oktoba ya mwaka huohuo wa 1957 Warusi walikuwa wamerusha Sputnik, na Marekani ilikuwa ikihaha kutafuta wataalamu wa anga. Ndipo ilipomtoa nje mwanafalaki wake kwa jambo lisilohusu darubini wala ramani. Katika mwaka 1959 zilimpitia siku ambazo chakula chake cha kutwa kilikuwa cha senti 20.

Serikali ilikuwa na hoja, nayo inastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mwezi Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10450, iliyohesabu kile ilichokiita upotovu wa kijinsia miongoni mwa mambo yanayomwondolea mtu amana ya utumishi, na maelfu wakatolewa makazini au wakajiuzulu kabla ya kufikiwa. Ilidaiwa kwamba mtu wa namna hiyo ni rahisi kutishwa na majasusi: toa siri za dola, la sivyo tutaitoa yako. Kamati ya Seneti iliyolichunguza jambo hili mwaka 1950, ilipotafuta mfano wa mtu aliyetishwa hivyo akasaliti nchi, iliuendea ule wa Alfred Redl, afisa wa jeshi la Austria aliyejiua mwaka 1913. Sasa hoja yenyewe na ipimwe. Lau mkuu wa kazi angekuwa anajua, na lau angekwisha kusema kuwa hajali, jasusi angekuwa ameshika kisu butu. Makali ya kisu hicho yalinolewa na amri ileile iliyodai kumkinga mtumishi nacho.

Kameny aliliona hilo, na hakukubali kuondoka kimya. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe hoja alizopeleka Mahakama ya Juu, nayo mwezi Machi 1961 ikakataa kumsikiliza. Mwaka huo huo akashiriki kuasisi chama cha Mattachine mjini Washington, na tarehe 17 Aprili 1965 kikundi cha watu kumi hivi kikasimama na mabango mbele ya Ikulu ya Marekani, wanaume wamevaa suti na tai, wanawake wamevaa magauni, kwa sharti la Kameny mwenyewe, aliyeshika kwamba anayedai kazi sharti aonekane kuwa ni mtu wa kuajiriwa. Wengine baadaye waliliona sharti hilo kuwa ni unyenyekevu uliopita kiasi. Mimi naona lilikuwa jibu halisi kwa tuhuma halisi, maana watu hao, kwa kuonyesha nyuso zao mchana kweupe katika mji uliojaa watumishi wa serikali, walikuwa wamemnyang'anya jasusi kitu pekee ambacho angeweza kuwatishia nacho.

Mahakama ya rufani ikaja kuamua mwaka 1969 kwamba serikali haimfukuzi mtu kwa hali hii mpaka ithibitishe inavyodhuru kazi yake. Mwaka 1975 tume ya utumishi ikaiondoa marufuku katika kazi nyingi za kiraia. Na mwaka 2009 John Berry, mkuu wa ofisi ya utumishi wa serikali kuu, ambaye mwenyewe hakuificha hali yake hiyo, akamwomba radhi Kameny rasmi, mzee akiwa na umri wa miaka 84. Wafanyakazi wa makampuni katika majimbo mengi waliendelea kungoja hadi Juni 2020, Mahakama ya Juu ilipoamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, katika shauri la Gerald Bostock wa jimbo la Georgia, kwamba sheria ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi wa jinsia kazini inawalinda na wao.

Wapo wasemao, na wengi wao kwa nia njema, kwamba mtu na afanye kazi yake, mambo ya chumbani ayaache chumbani. Asemaye hivyo aghalabu ana picha ya mkewe juu ya meza. Orodha ya michango ya harusi hupita kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akaandika jina lake na ahadi yake; Jumatatu watu hujuliana hali za nyumbani; fomu ya ajira huuliza ndoa, na jamaa wa kuarifiwa mtu akipatwa na jambo; akifa mkwe, mfiwa hupewa ruhusa akazike, na wenziwe humpelekea rambirambi. Hakuna katika hayo aliyetaja kitanda, ilhali kila mmoja amekwisha kueleza anampenda nani. Mfanyakazi tunayemzungumzia hupita katikati ya hayo akipima kila neno: mwenzi wake humwita binamu, hubuni mchumba aliye mbali, na siku akifiwa na huyo aliyeishi naye hurudi kazini kesho yake, kwa kuwa hana la kuandika katika barua ya ruhusa.

Tunajua kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa dini, na dini zao zina hukumu katika jambo hili, hatuwataki waziache. Lakini katika ofisi moja hukaa mnywaji wa pombe na mtu ambaye kwake pombe ni haramu, mwenye wake wawili na mtu ambaye kwake jambo hilo ni dhambi, kila mmoja akiyaona ya mwenziwe kuwa ni makosa mbele ya Mungu, na mshahara wao hutoka siku moja. Insafu tunayoidai ni hiyo hiyo.

Afrika Kusini iliitaja hali hii waziwazi katika sheria yake ya usawa kazini ya mwaka 1998. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ikihesabu mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, haikuitaja, na Mei 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kuvibatilisha vifungu vya jinai vinavyohusika. Palipo na sheria za namna hiyo, hatumshauri mtu yeyote ajitangaze kazini. Anayeijua hatari yake ni yeye, na hatuna haki ya kuwa mashujaa kwa shingo ya mwingine. Waajiri wanaoweza, tunawaomba waliandike jambo hili katika kanuni zao za kazi, pamoja na adhabu ya atakayemfichua mwenziwe. Nawe msomaji, mfanyakazi mwenzako akikuamini kwa habari yake, usiipeleke kwa mkuu wa idara, wala usiiandike katika kundi la simu la ofisi. Mwulize ni nani mwingine ajuaye, na ukomee hapo.