Siku ya kungoja mzigo isipotee bure

Mfanyabiashara wa Kisugu anayefuata mzigo Mombasa anaijua Mombasa ya aina moja tu: ofisi ya wakala wa forodha, lango la bandari, gesti ya bei nafuu na basi la kurudi Kampala. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza mwaka 2014, kodi ya bidhaa za Uganda hukadiriwa na kulipwa mzigo ungali bandarini. Karatasi zimehamia pwani, na kungoja kumehamia nako. Siku mbili, tatu, mtu amekaa gesti akikodolea simu macho. Sisi tunasema siku hizo zina kazi nyingine.

Ya kwanza iko karibu. Fort Jesus imekaa kando ya Mji wa Kale, na asubuhi moja inatosha. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wala si kwa kupenda mandhari: aliyeishika ngome alishika mlango wa bandari, na aliyeshika mlango alitoza ushuru. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 kwa sababu hiyo hiyo. Aliyezoea foleni za Busia na Malaba hahitaji kuelezwa sana kuta zile zilikuwa za nini.

Lakini mwenye siku nzima tungemtuma Gedi, yapata kilomita 100 kaskazini. Panda matatu ya Malindi alfajiri, shuka Gede, tembea kidogo. Jioni umesharudi Mombasa. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, msitu ukaumeza. Una ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Anza na wa ndani, palipo msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za matajiri, kisha ukibaki na nguvu fuata vipande vya ukuta wa nje miongoni mwa miti. Vaa viatu vya kufunika, beba maji.

Nyumba za Gedi zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa humo. Iko ya mkasi, iko ya sarafu za Kichina, iko ya kauri, yale makombe madogo ambayo pwani huitwa pia simbi. Hapo mtu wa Kampala asimame kidogo. Ensimbi, neno la Kiganda la fedha, ni simbi hizo hizo. Zilipanda bara kwa mkono wa wafanyabiashara miaka mingi kabla ya shilingi. Kila anayehesabu mauzo yake jioni pale Kisugu anataja kombe la Bahari ya Hindi. UNESCO iliiingiza Gedi katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, ila kwa msomaji wetu hilo la simbi ni sababu kubwa zaidi ya kwenda.

Wanaopitia Mutukula kwenda Kariakoo wana Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kando ya barabara ya Bagamoyo. Hapo si magofu. Ni nyumba za mfano, zilizojengwa kama walivyojenga wenyeji wa sehemu mbalimbali za Tanzania. Tafuta msonge wa Wahaya, uone ulivyo jirani wa nyumba za Buganda. Nao Watanzania na Wakenya wanaokuja kwetu wana nyumba kama hizo nyuma ya Makumbusho ya Uganda, Kitante, teksi moja tu kutoka mjini.

Sasa kuna la kuwaambia wenye mamlaka. Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini akifika kwenye lango la makumbusho mara nyingi huonekana mgeni kama aliyetoka London. Huduma za serikali ya Kenya sasa hulipiwa kupitia eCitizen, na mwenye laini ya Uganda pekee huenda akalazimika kumwomba mtu asiyemjua amlipie. Hilo si jambo la kumfanyia mtu ambaye mzigo wake umeshalipa kodi hatua chache kutoka hapo. Bei ya raia wa Afrika Mashariki ibandikwe langoni kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, na malipo ya simu kutoka nchi zote za Jumuiya yapokelewe.

Mpaka hapo, msomaji, beba kitambulisho chako, taja uraia wako kabla hujatajiwa bei, na uulize mapema jinsi ya kulipa. Mwachie wakala namba ya simu inayopatikana. Karatasi zikikamilika ukiwa Gedi, saa tatu baadaye utakuwa bandarini.