Akiba ya Kompyuta Huoza

Mwezi huu tumeazimia kunena juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hudhani zimekwisha kulitimiza, na kumbe zimefika nusu ya njia. Nalo ni kuweka nakala ya akiba ya diski inayoiwasha kompyuta.

Kompyuta ya nyumbani siku hizi imekuwa ndilo kasha la hati. Humo mna hesabu za duka, orodha ya madeni, wasia, vyeti vya watoto, na picha za wazee waliokwisha kututoka. Kasha hilo likiharibika, khasara haimpati mwenye nyumba peke yake, bali humfikia hata yule anayedai haki yake iliyoandikwa humo.

Wapo waliojihimu wakanunua ghala la mtandao, yaani kisanduku chenye diski ndani yake, kilichounganishwa na ruta, ambacho hupokea mafaili ya kompyuta zote za nyumba. Chombo hiki ni chema. Walakini kuwa nacho si sawa na kuokoka, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, diski ya kuwashia si mafaili tu. Katika kompyuta za kisasa zenye Windows, diski hiyo imegawanywa sehemu kadhaa, na mojawapo ni ndogo, iitwayo EFI, isiyoonekana katika matumizi ya kila siku. Ndani yake mna programu ianzayo kazi mara kompyuta iwashwapo, kisha ikaiita Windows. Basi mtu akiyanakili mafaili yake kwa mkono na kuyatia ghalani, ameokoa barua na picha, na hilo si dogo. Lakini diski mpya atakayoyatia mafaili hayo haitaiwasha kompyuta. Sharti ichukuliwe nakala ya diski nzima, pamoja na sehemu zake zilizofichika. Iko programu iitwayo Clonezilla, itolewayo bure, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi, ikaisoma diski hali Windows imezimwa, na kuipeleka nakala ghalani. Gigabaiti 100 zikipita katika waya wa megabiti 1,000 kwa sekunde huchukua robo saa hivi, iwapo diski zenyewe zaweza kasi hiyo. Katika waya wa megabiti 100 ni zaidi ya saa mbili.

Pili, diski ya kuwashia ikifa, kompyuta haiijui tena njia ya kwenda ghalani, kwani njia hiyo nayo iliandikwa katika diski iliyokufa. Kwa hiyo flashi ya uokozi hutengenezwa siku ya salama, si siku ya msiba. Uwekwe pia waya wa mtandao, maana programu za uokozi mara nyingi hazitambui mtandao usio na waya. Jina na neno la siri la ghala yaandikwe katika karatasi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ziandikwe pia zile tarakimu 48 za ufunguo wa kuifungulia. Kuziacha ndani ya kompyuta hiyo hiyo ni kuufungia ufunguo wa kasha ndani ya kasha.

Tatu, ghala lililo wazi daima hushiriki khatari ya kompyuta. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani, kikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Virusi vya namna hiyo vyaweza kuyafunga hata mafaili ya ghalani, ikiwa kompyuta iliyoambukizwa ina ruhusa ya kuandika humo. Na mwezi wa Aprili 2021 kirusi Qlocker kiliyashambulia maghala yenyewe, ya QNAP, yaliyokuwa yakifikika kutoka intaneti. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa ghala lake lina diski mbili zinazoandika sawasawa: faili likifutwa, hufutwa katika zote mbili. Basi lisifunguliwe ghala kwa intaneti pasipo haja. Nakala ziwekwe kwa jina na neno la siri lisilotumika katika kazi nyingine. Na nakala ya pili iwe katika diski ya pembeni, ichomolewe, na ikiwezekana ilazwe katika nyumba nyingine.

Nne, na hili ndilo kubwa, nakala isiyojaribiwa ni dhana tu. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za mashine kuu. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Walipozigeukia, moja ilikuwa haifanyi kazi kwa muda, na barua za kutoa khabari ya kosa hilo hazikuwafikia. Walichookoka nacho ni nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Ikiwa mafundi walipatwa na hayo, sisi wa majumbani tutajiaminije pasipo kujaribu?

Jaribio lenyewe ni hili. Izimwe kompyuta, itolewe diski ya zamani na kuwekwa kando, kwani kurudisha nakala hufuta kila kilichomo katika diski ipokeayo. Itiwe diski nyingine isiyo ndogo kuliko ile, iwashwe flashi, irudishwe nakala kutoka ghalani, kisha itazamwe kama Windows itawaka na hesabu kufunguka. Asiye na diski ya ziada naye asikate tamaa. Na awashe flashi, ahakikishe ghala linafikiwa, kisha aiamrishe Clonezilla kuikagua nakala kama yaweza kurudishwa. Hiyo si sawa na jaribio kamili, lakini ni bora kuliko kutumaini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, na kuoza kwake hakutoi harufu. Basi kila nyumba na iteue siku moja katika kila miezi mitatu, na mtu mmoja wa kuifanya kazi hii, naye aandike tarehe ya jaribio juu ya ile karatasi ya maneno ya siri.