Tundu la Darini Si Dogo Hivyo

Katika nyumba za mbao za Lewiston na Portland, jimboni Maine, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia, husemwa kwamba darini kukishajazwa sufi ya kuzuia joto, kazi imekwisha. Kilichobaki ni kubadilisha madirisha. Lile tundu la kupandia darini, lililofunikwa kwa kipande cha plaiwudi, halihesabiwi. Hata asilimia moja ya dari halizidi, litatudhuru nini?

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayopotosha. Tuchukue dari yenye sufi ya R-49, kiwango kinachofahamika katika sehemu za baridi kali. R hupima jinsi kitu kinavyozuia joto. Namba ikipanda, joto hupita kwa shida zaidi. Plaiwudi nyembamba, pamoja na hewa iliyotulia juu na chini yake, ina R-1.5 hivi. Basi kila futi ya mraba ya kifuniko hupitisha joto zaidi ya mara thelathini kuliko futi ya dari iliyo jirani yake. Kifuniko kikiwa asilimia moja tu ya eneo lote, karibu robo ya joto linalopenya dari hupitia hapo, na ile R-49 uliyoilipia inakufanyia kazi ya R-37.

Hapo bado hatujagusa upenyo. Tundu la inchi 22 kwa 30 lina mzingo wa sentimita 264 hivi. Kifuniko kikiacha nafasi ya milimita 3 pande zote, na mbao zilizopinda kwa miaka huacha zaidi, umefungua shimo la sentimita 79 za mraba. Dirisha lenye tundu la ukubwa huo lisingevumiliwa na mtu hata usiku mmoja wa Januari. La darini huvumiliwa kwa sababu halipulizi baridi: hewa ya moto inatokea huko juu, na ya baridi inavutwa ndani kupitia chini ya milango na nyufa za sakafuni. Wewe unahisi baridi miguuni na kulaumu mlango wa mbele. Nyumba nzima imegeuka bomba la moshi, nawe unachoma mafuta kulilisha.

Hewa hiyo haipandi peke yake. Hubeba mvuke wa sufuria na wa bafuni, ambao ukigusa mbao baridi za paa hugeuka maji, kisha ukungu. Joto nalo huyeyusha theluji ya juu ya paa. Maji huteremka hadi ukingoni, huganda, na yanayofuata hukosa njia, yakarudi chini ya vigae vya paa na kuingia ukutani.

Wapo watakaosema nyumba lazima ipumue. Paa lipumue, naam, lakini kwa hewa ya nje, iingiayo chini ya ukingo wake na kutokea kileleni. Hewa ya jikoni na bafuni ina feni zake za kuitoa nje.

Tiba ni rahisi. Gundisha mabamba ya povu gumu mgongoni mwa kifuniko, zungushia fremu mpira wa kuzibia, kisha weka makomeo mawili. Makomeo watu huyasahau, ilhali kifuniko chepesi hakiwezi kuukandamiza mpira chenyewe. Ngazi ya kukunja huhitaji sanduku la povu la kuifunika kwa juu.

Sisemi hili ndilo pengo baya kuliko yote. Mianya inayozunguka dohani huweza kuwa mibaya zaidi, ila hiyo hudai vifaa visivyoshika moto na fundi wa kutambaa darini. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba: mpango wa serikali ya shirikisho uitwao Weatherization Assistance Program, ulioanza 1976, hugharimia kazi za namna hii kwa familia za kipato kidogo, wapangaji wakiwemo, mwenye nyumba akiridhia.