AFYA YETU: Sindano ya Mara Moja kwa Wiki



Mzee mmoja ametuuliza: "Nasikia imetoka dawa mpya ya kisukari. Unachomwa sindano mara moja tu kwa wiki. Je, vidonge vyangu nivitupe?"

Shikamoo, mzee wetu. Usivitupe. Soma kwanza.

Chakula tunachokula hugeuka sukari katika damu. Hata ndizi zetu hugeuka sukari. Insulini huiingiza sukari hiyo mwilini ili tupate nguvu. Insulini hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Ikikosekana, au ikishindwa kufanya kazi, sukari hubaki katika damu. Mtu hukojoa mara kwa mara, huona kiu na hukonda. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa miaka mingi.

Zamani mtoto aliyepata kisukari alikufa. Mwaka 1921, huko Kanada, wataalamu walipata insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 walimchoma sindano mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson. Aliishi miaka 13 zaidi.

Vidonge vya metformini vilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Asili yake ni mmea. Bei yake ni nafuu. Watu wazima wengi bado huanza na dawa hiyo, hata katika nchi tajiri. Kwa hiyo mzee wetu hajapewa dawa iliyopitwa na wakati.

Sasa dawa mpya. Huko Marekani, jangwani, kuna mjusi mkubwa mwenye sumu. Wataalamu walipima mate yake. Humo walikuta kitu kinachofanana na kile ambacho matumbo yetu hutoa tukila. Kitu hicho huiamsha kongosho. Dawa iliyotokana na mjusi huyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2005. Mwaka 2017 ikafuata semaglutidi, ambayo huiga kitu cha binadamu mwenyewe. Hiyo ndiyo sindano ya mara moja kwa wiki. Hushusha sukari, na humfanya mtu ashibe upesi.

Viko pia vidonge vipya vinavyozifanya figo zitoe sukari kwa njia ya mkojo. Hivyo hulinda moyo na figo.

Shirika la Afya Duniani liliviweka vidonge hivyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Sindano za jamii ya semaglutidi ziliingia mwaka 2025. Lakini kuwa katika orodha si kuwa katika zahanati. Sindano hizo bado ni ghali mno kwa mkulima. Tena, mwaka 2024 Shirika hilo lilionya kuwa kuna semaglutidi bandia. Ukiuziwa mnadani, kataa.

Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini hawezi kuishi kwa vidonge wala kwa sindano ya wiki. Ni lazima apate insulini kila siku. Akiikosa, hufa.

Mzee wetu, siku ya kliniki nenda na vidonge vyako. Mwulize daktari kama vinakutosha. Ukisikia nafuu, usiache kumeza. Nafuu hiyo inatokana na vidonge.

Na wewe mama unayetunza insulini ya mtoto bila friji, tumia vyungu viwili. Weka kidogo ndani ya kikubwa. Katikati jaza mchanga, kisha uumwagie maji. Funga chupa ya dawa katika mfuko mkavu, uitie katika chungu kidogo, ufunike. Weka vyungu kivulini, mbali na meko. Mchanga ukikauka, mwagia tena maji.