Ufukwe Si Biichi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kubishana juu ya maneno: lipi ni sanifu, lipi ni la mtaani, lipi tumelikopa bila kulihitaji. Leo naomba tubishane juu ya maneno mawili ambayo wengi wetu hudhani yana maana moja: ufukwe na biichi. Ufukwe ni mahali ambapo nchi kavu na maji hukutana, basi. Neno lenyewe halina geti wala tiketi. Lakini mwenzako wa hapa Kampala akikuambia, "Jumamosi twende biichi," huulizi habari za maji. Unauliza kiingilio ni shilingi ngapi, nani atapiga muziki, na kama utaruhusiwa kuingia na chupa yako ya maji.

Hoja yangu ni hii: tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini fukwe zake tumeziacha zigeuke biichi. Sehemu chache zilizosalia, ambako mtu wa kawaida anaweza kukaa chini ya mti akatazama ziwa bila kulazimishwa kununua kitu, ziachwe zilivyo. Zisiendelezwe. Najua neno "maendeleo" ni tamu mdomoni, na kulipinga ni kutafuta lawama. Nimekubali lawama hiyo.

Mfano ninaoujua vizuri ni Bustani ya Mimea ya Entebbe. Ilianzishwa mwaka 1898 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara kama vile mpira, kahawa na kakao. Eneo lake ni hekta 40 hivi, si kubwa. Ukishuka kwenye matatu pale Entebbe unatembea kwa miguu hadi langoni. Ndani hakuna bwawa la kuogelea, hakuna jukwaa, hakuna viti vya kupanga kwa rangi. Kuna miti mirefu iliyopandwa na watu waliokwisha kufa zamani, kipande cha msitu chenye kamba za miti zinazoning'inia, mbega weupe kwa weusi wanaorukaruka juu, ndege wa kila sauti, na mteremko wa nyasi unaoishia ziwani. Utakuta watoto wa shule wamekaa kwa duara wakila chakula walichofungiwa na mama zao, na bibi harusi ameinua gauni lisiguse umande. Sisi wanafunzi huenda na rolex zetu tulizonunua barabarani na karanga za kugawana. Hatuogi, kwa sababu kichocho kimo ziwani na hatutaki kukileta bwenini. Tunakaa tu, na kukaa kwenyewe ndiko kunakotutoa chuoni.

Sasa linganisha na mahali pengine katika ufukwe huohuo wa ziwa, ambapo sitapataja jina. Mwaka jana tulikwenda watu sita. Tulilipa kiingilio. Kisha mlinzi akafungua mifuko yetu, akatoa chapati na maji ya kunywa, akaviweka kando. "Humu chakula kinanunuliwa ndani," alisema. Ndani, soda iliuzwa mara tatu ya bei ya dukani. Spika zilikuwa kubwa kiasi kwamba tulizungumza kwa mikono. Ziwa lilikuwa palepale, lakini hakuna aliyelisikia. Tulitoka mapema tukiwa na njaa.

Wenzangu watasema hiyo ni biashara ya mtu, na mwenye mali hana kosa. Hapo ndipo tunapopaswa kusoma sheria zetu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa amana ya wananchi wote. Amana, jamani, ni kitu cha mwenyewe ulichokabidhiwa ukitunze. Tena kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimeweka eneo la hifadhi la mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria. Pita Munyonyo, pita Ggaba, kisha uniambie hizo mita 200 ziko wapi. Ziko nyuma ya kuta. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, maji yaliingia katika hoteli na sehemu nyingi za starehe. Watu walililaumu ziwa, hali lilikuwa limerudi tu kwenye nafasi yake.

Wapo wanaosema bustani kama ile "haina kitu" na kwamba vijana hawavutiwi na nyasi. Mimi ni kijana, nami nakataa kusemewa. Kusema mahali hapana kitu kwa sababu hapana cha kununua ni umaskini wa macho. Kizuri chajiuza, na bustani ile haijapiga spika hata siku moja.

Wengine wana hoja nzito zaidi. Wanasema bila fedha vyoo vitaharibika, takataka zitajaa na vibaka wataingia. Hilo nalikubali. Mahali pa asili si mahali palipotelekezwa. Panahitaji vyoo safi, mapipa ya taka, askari wachache, na kiingilio kidogo kinachojulikana wazi na kinachorudi kutunza pale pale. Lakini kutoka choo kisafi hadi hoteli ya ghorofa tatu ni safari ndefu, na wanaotaka hoteli hupenda kuanza hotuba zao kwa choo.

Tena tusidhani jambo hili haliwezekani kwetu Afrika Mashariki. Gisenyi, nchini Rwanda, kuna ufukwe wa wazi kando ya Ziwa Kivu ambapo mtu hutembea bila kuulizwa kitu. Jijini Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, kisiwa cha Saanane kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ni kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yanayokizunguka. Wenzetu wangeweza kusema ni kidogo mno, wakakipa mwekezaji. Walikipa hadhi ileile ya taifa waliyoipa Serengeti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Bustani na fukwe za umma zilizobaki zipimwe, mipaka yake ibandikwe langoni kila mtu aisome, kwa Kiswahili pia. Kila kiwanja cha starehe kilichojengwa ndani ya mita 200 kiache njia ya watu kufika majini. Na sisi wanafunzi, tunapopanga safari za vyama vyetu, tuache kupeleka michango yetu kwenye spika. Twende kwenye nyasi, tulipe kiingilio kidogo, tuokote takataka zetu tukiondoka. Mahali pasipotembelewa huitwa pori, na pori hugawiwa haraka.

Walimu wetu hutufundisha kwamba neno lisipotumika hufa. Basi tulitumie neno ufukwe kwa maana yake, tukiwa tumekaa juu yake.